Uwiano wa Gia katika Gari la Njia Mbaya

Gari la kazi linalopita njia za udongo na za milimani hutakiwa kutimiza mambo mawili yanayopingana. Likiwa mlimani na mzigo, hutakiwa kuvuta kwa nguvu na kwenda polepole. Likifika barabara ya lami, hutakiwa kwenda kasi bila injini kulemewa na mizunguko mingi. Wenye magari wengi huanza kubadilisha difu na matairi ili kutimiza takwa la pili, na hugundua hasara ya takwa la kwanza siku gari linaposimama katikati ya kilima. Hesabu iliyo katika somo hili haizidi kuzidisha na kugawanya, nayo yatosha kuonyesha hasara hiyo kabla fundi hajafungua nati hata moja.

Kazi ya gia

Gia yenye meno 10 ikizungusha gia yenye meno 40, gia ya pili huzunguka mara moja kwa kila mizunguko 4 ya ile ya kwanza. Uwiano wake ni 4. Mwendo hupungua mara nne, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka mara nne. Kwa mujibu wa kanuni ya hifadhi ya nishati, kinachopatikana katika nguvu hulipwa katika mwendo. Gia haiumbi nishati. Hubadilisha tu namna inavyotolewa. Hali kadhalika, sehemu ya nishati hiyo hupotea njiani kwa msuguano na kuwa joto.

Gia zikifuatana katika mstari mmoja, uwiano wa jumla hupatikana kwa kuzidisha uwiano wa kila hatua.

Mfano: Land Rover Series III

Gari hili, lililotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, lajulikana sana katika Afrika ya Mashariki, na mpangilio wake ni rahisi kufuata. Mwendo hutoka kwenye injini na kupita hatua tatu:

1. Giaboksi kuu. Gia ya kwanza ina uwiano wa 3.68, gia ya nne ina uwiano wa 1.00.
2. Giaboksi ya kugawa, ambayo mafundi huiita transfa. Ngazi ya juu ina uwiano wa 1.148, ngazi ya chini, 2.35.
3. Difu, iliyo katika ekseli. Uwiano wake ni 4.70.

Katika gia ya kwanza, ngazi ya chini, uwiano wa jumla ni 3.68 × 2.35 × 4.70, yaani 40.6. Injini hupiga mizunguko 40.6 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika gia ya nne, ngazi ya juu, ni 1.00 × 1.148 × 4.70, yaani 5.40.

Chukua tairi lenye kipenyo cha mita 0.80. Mzingo wake ni mita 2.51. Injini ikipiga mizunguko 1,000 kwa dakika katika gia ya kwanza ya ngazi ya chini, gari huenda kilometa 3.7 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Injini ikipiga mizunguko 3,000 kwa dakika katika gia ya nne ya ngazi ya juu, gari huenda kilometa 84 kwa saa. Mwendo huu wa pili ndio ambao mwenye gari huona ni mdogo.

Njia tatu za kuongeza mwendo

Njia ya kwanza ni kubadilisha difu. Uwiano wa 3.54, uliotumiwa katika Range Rover ya 1970 na Land Rover 110 ya 1983, ndio unaochaguliwa mara nyingi. Kwa difu hii, mizunguko 3,000 huleta mwendo wa kilometa 111 kwa saa.

Njia ya pili ni kufunga matairi makubwa zaidi, tuseme ya kipenyo cha mita 0.90. Mizunguko ile ile 3,000 huleta kilometa 94 kwa saa.

Njia ya tatu ni kuongeza ovadraivu, yaani gia ya ziada yenye uwiano mdogo kuliko moja. Ile iliyozoeleka katika Series III ina uwiano wa 0.782. Dereva akiiingiza, mizunguko 3,000 huleta kilometa 107 kwa saa. Akiitoa, gari hurudia hali yake ya awali.

Kwa anayetazama mwendo wa lami peke yake, difu na ovadraivu hukaribiana sana, na tofauti ni kilometa 4 tu. Tofauti kubwa huonekana mlimani.

Jaribio la kilima

Chukua gari na mzigo wake kuwa kilo 2,500. Uzito wake ni Nyutoni 24,500. Linapanda njia ya udongo yenye mwinamo wa nyuzi 20. Kani inayolivuta gari kurudi chini ni uzito mara sini ya nyuzi 20, yaani 24,500 × 0.342, sawa na Nyutoni 8,400 hivi. Udongo laini nao hukinza magurudumu. Ukinzani huo ukikadiriwa kuwa sehemu moja ya kumi ya kani inayoikandamiza ardhi, huwa Nyutoni 2,300. Jumla ya kani inayohitajika ni Nyutoni 10,700.

Injini ya petroli ya lita 2.25 hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nyutoni-mita 160. Ikizidishwa kwa uwiano wa jumla, ikapunguzwa asilimia 20 kwa ajili ya msuguano, kisha ikagawanywa kwa nusu kipenyo cha tairi, hupatikana kani ya kusukuma gari:

Hali ya awali (au ovadraivu ikiwa imetolewa): Nyutoni 13,000.
Matairi ya mita 0.90, difu ya 4.70: Nyutoni 11,500.
Matairi ya mita 0.80, difu ya 3.54: Nyutoni 9,800.
Matairi ya mita 0.90, difu ya 3.54: Nyutoni 8,700.

Gari la awali hupanda likiwa na akiba ya Nyutoni 2,300. Lenye matairi makubwa hupanda, lakini akiba yake ni Nyutoni 800 tu. Lenye difu ya 3.54 hupungukiwa Nyutoni 900: injini huzimika, au dereva huichezea klachi hadi iungue. Mabadiliko mawili yakiunganishwa, kani inayobaki yakaribia kushindwa hata na mwinamo huo huo ukiwa mgumu na mkavu.

Katika kuteremka, hesabu hugeuka. Injini iliyoachiwa mafuta huzuia magurudumu kwa uwiano ule ule. Difu ya 3.54 hupunguza kizuizi hicho kwa robo, na kazi iliyobaki huangukia breki. Breki za Series III ni za ngoma katika magurudumu yote manne. Zikipata joto kwa muda mrefu hulegea, na zikipita majini hupoteza mshiko kwa muda.

Mpaka wa mshiko

Isidhaniwe kwamba uwiano mkubwa zaidi huleta msukumo zaidi pasipo kikomo. Tairi haliwezi kusukuma kuliko ardhi inavyoweza kulishika. Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.6, kama katika udongo mkavu, magurudumu yote manne ya gari hili juu ya mwinamo wa nyuzi 20 yaweza kusukuma hadi Nyutoni 13,800. Kani ya awali ya Nyutoni 13,000 imekwisha kukaribia mpaka huo. Kuongeza uwiano zaidi ya hapo huleta mwendo wa polepole zaidi na wenye kutawalika, lakini msukumo wa ziada ni mdogo mno.

Mvua ikinyesha na kizigeu kikashuka hadi 0.35, mpaka huwa Nyutoni 8,100, chini ya zile 10,700 zinazohitajika. Hapo hakuna gia iwezayo kulipandisha gari. Linalohitajika ni minyororo ya matairi, kupunguza mwinamo kwa kupita njia nyingine, au kusubiri njia ikauke.

Difu mbili lazima zilingane

Anayechagua kubadilisha difu hana budi kubadilisha ya mbele na ya nyuma pamoja. Series III haina difu ya kati. Ekseli ya mbele ikiunganishwa, shafti za mbele na za nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa. Difu ya nyuma ikiwa 3.54 na ya mbele 4.70, gurudumu la nyuma litataka kuzunguka mara 1.33 wakati la mbele linazunguka mara moja. Katika gari hili ngazi ya chini huunganisha ekseli ya mbele yenyewe, hivyo dereva hana njia ya kuepa. Katika ardhi ngumu, shafti hujipinda hadi kitu kivunjike. Yafaa pia kukumbuka kwamba katika magari mengi ya aina ndefu ekseli ya nyuma si ya aina moja na ya mbele, na difu zake hazibadilishani.

Kanuni ya kuchagua

Badiliko la difu au la tairi hugusa kila gia, katika lami na katika mlima. Badiliko linaloweza kuingizwa na kutolewa na dereva hugusa pale tu linapohitajika. Kwa hiyo gari linalofanya kazi milimani lianze kupimwa kwa kilima kibaya kuliko vyote litakavyopanda likiwa na mzigo. Uwiano wa ngazi ya chini ukishatosha kwa kilima hicho, ndipo mwendo wa lami utafutwe kwa njia isiyougusa. Gari lisilopanda mlima kamwe laweza kufungwa difu ya 3.54 bila hasara kubwa.

Maswali

1. Gari limefungwa matairi ya kipenyo cha mita 0.90. Difu yenye uwiano gani italirudishia msukumo wake wa awali?
2. Kipimo cha mwendo cha Series III huendeshwa kutoka kwenye transfa. Baada ya kufunga difu za 3.54, kipimo chaonyesha kilometa 60 kwa saa. Mwendo wa kweli ni upi?
3. Gari la awali likipunguziwa mzigo hadi kilo 2,000 na kufungwa difu za 3.54, je, litapanda kilima kilichotajwa?

Majibu: (1) 5.29. (2) Kilometa 80 kwa saa. (3) Litapanda, kani inayohitajika ni takriban Nyutoni 8,500, na iliyopo ni 9,800.