Fensi ya Maua: Lantana au Tithonia?



Ukitoka mjini Busia ukaelekea Malaba kwa ile barabara ya Alupe, utaona maboma mengi yamezungushiwa maua. Mengine ni maua madogo ya rangi nyingi katika kichwa kimoja, manjano, machungwa na nyekundu, yenye miiba na harufu kali. Hiyo ni lantana, ambayo Waluo wanaiita nyabend winy. Mengine ni makubwa, ya manjano, kama alizeti. Hiyo ni tithonia. Waluhya wanaiita maua amalulu na Waluo maua makech, yaani maua machungu.

Mimea hii yote miwili asili yake ni Amerika. Yote hukaa kijani karibu mwaka mzima na yote hupendeza. Basi, tuchague upi?

Swali hili tuliulizwa na akina mama wa kikundi kimoja cha upande wa Teso. Walikuwa wamechanga pesa kwa muda mrefu wakanunua ndama, ili akizaa mtoto aende kwa mwenzao. Kiangazi kikaja, nyasi zikaisha, ndama akafungwa karibu na fensi. Baada ya siku chache akakataa kula, macho yakawa manjano, ngozi ya pua ikapasuka, akawa anakimbilia kivuli tu. Watu wakasema ati amerogwa. Kumbe alikuwa amekula lantana. Daktari wa mifugo aliitwa, lakini alichelewa kuitwa. Ndama akafa, na pamoja naye ile zamu ya mama aliyekuwa akingoja.

Kwa hivyo somo hili si la urembo peke yake.

LANTANA

Uzuri wake. Ina miiba na hushikana sana, kwa hivyo mbuzi hapiti kwa urahisi. Huvumilia jua na udongo mbaya, na haihitaji kumwagiliwa maji.

Ubaya wake. Majani yake yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Hata yakikauka sumu haiishi. Matunda mabichi, yale ya kijani, ni hatari kwa watoto. Ndege hula matunda yaliyoiva na kuzitupa mbegu shambani na malishoni, ndiyo maana lantana huota mahali ambapo hukuipanda.

Kuna jambo lingine. Wazee wetu wanaukumbuka ugonjwa wa malale. Kuanzia mwaka 1976 ulipata watu wengi sana huko Busoga, Uganda, na katika miaka ya 1980 ukafika Tororo, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Watafiti waliona kwamba mbung'o, au ndorobo, walikuwa wakijificha katika vichaka vya lantana karibu kabisa na nyumba. Leo hali ni njema: mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Lakini nagana, malale ya ng'ombe, bado iko, na mbung'o bado hupenda kivuli kizito cha kichaka kisichokatwa.

Utunzaji wake. Kama unayo, usiiache iwe kichaka. Ikate kila msimu wa mvua, iwe nyembamba kiasi cha mwanga kupita hadi chini. Ng'oa miche inayoota shambani ingali midogo. Usitupe matawi mahali ng'ombe anafika, wala usimfunge mnyama mwenye njaa karibu nayo.

TITHONIA

Uzuri wake. Majani yake ni mbolea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF, KARI na KEFRI waliifanyia kazi huko Maseno pamoja na wakulima. Walipata kwamba kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3.5 za nitrojeni, kilo 4 za potasiamu, na fosforasi chini kidogo ya nusu kilo. Majani mabichi huoza upesi udongoni.

Ubaya wake. Haina miiba, kwa hivyo mbuzi mkaidi atapita. Uchungu wake hushika mikononi, nawa vizuri kabla ya kupika. Ukiiacha itoe mbegu, nayo huvamia shamba. Tena, haitengenezi rutuba kutoka hewani kama maharagwe. Inaichota hapo iliposimama. Ukikata kila mara bila kurudisha kitu, fensi itachoka. Rudishia jivu na samadi.

Utunzaji wake. Mvua ikianza, kata vijiti vilivyokomaa, urefu wa sentimita 20 hadi 40. Vipande siku hiyo hiyo, vikiinama kidogo, kila futi moja kijiti kimoja. Ikifika kimo cha mtu, kata hadi usawa wa kiuno, kabla maua hayajatoa mbegu. Itachipuka tena.

Kuitumia. Katakata majani na vijiti laini, weka kama kilo 3 mbichi kwa kila mita moja mraba, fukia, ngoja wiki moja, kisha panda sukuma wiki. Usijidanganye kwamba fensi moja itatosha mahindi: ekari moja kwa kipimo hicho hutaka zaidi ya tani 10 za majani mabichi! Anza na bustani ya mboga. Ukiwa na majani machache, yaloweke kwenye ndoo kwa wiki mbili, changanya na maji hadi rangi ifanane na chai ya rangi isiyokolea, umwagie mboga kwenye shina.

TUNASHAURI NINI?

Mwenye ng'ombe au watoto wadogo, tunamshauri abadilishe lantana polepole. Usiing'oe yote mara moja, boma litabaki wazi. Chukua upande mmoja kila msimu, anzia ule ulio karibu na zizi. Ng'oa na visiki, maana lantana ikikatwa tu huchipuka. Panda tithonia safu mbili, na pale mbuzi wanapopita funga fito au waya. Lantana inalinda boma lakini haitoi chakula, na siku ya njaa inaweza kuua. Tithonia inahitaji kazi zaidi, na inalipa kazi hiyo kwa mboga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanakikundi wangapi wana lantana karibu na zizi? Tembeleaneni mkahesabu.
2. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, mifugo yetu hula nini? Tunaweza kuweka akiba gani mapema?
3. Nani ana tithonia ya kutupatia vijiti mvua ya Machi ikianza, na tutaanzia boma la nani?