Maziwa ya Mtoto: Chupa, Paketi au Mkebe?

SWALI: Daktari, naishi Kangemi na nashona nguo mjini, River Road. Kila jioni nikirudi nanunua maziwa ya mtoto wangu wa miaka 2 kwenye ATM, ile mashine ya kuuzia maziwa, nayatia kwenye chupa ya soda ya plastiki. Jirani ananiambia plastiki inaleta saratani, afadhali ninunue ya paketi. Nikinunua paketi zinajaa nyumbani, basi nawashia jiko. Nifanyeje? – Mama, Kangemi

JIBU: Mama, hilo la jiko umelitaja kama jambo dogo, na ndilo lililonishtua zaidi. Nitalifikia.

Tuanze na chupa. Maziwa baridi kukaa kwenye plastiki kutoka kwa ATM hadi nyumbani hakunitishi. Chupa za soda huwa na namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako, na plastiki hiyo haitengenezwi kwa bisfenoli A, kemikali iliyopigwa marufuku na Umoja wa Ulaya kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Mimi naogopa shingo ya chupa. Mkono hauingii kusugua. Iinue kwenye mwanga uangalie mikunjo ya kitakoni: ukiona utando mweupe, hayo ni mabaki ya maziwa ya jana, na viini vinazaana humo. Maji yanayochemka yangeviua, lakini plastiki hiyo hulegea kwenye nyuzi 70 hivi na chupa ingejikunja mkononi mwako. Kemikali, kama zina madhara, huchukua miaka. Kuharisha kunaweza kummaliza mtoto maji kwa siku moja.

Kwa hiyo tafuta mkebe wa stenlesi wenye mdomo mpana na kifuniko. Ukiwa kazini River Road, uko karibu na Kamukunji, kwa mafundi wa vyombo vya bati, lakini usichukue mkebe wa mabati hata ukiwa wa bei nafuu: maziwa yakianza kuchacha, asidi yake hula zinki iliyopakwa kwenye mabati. Chupa ya jemu ya glasi inafaa pia, ingawa ni nzito na kwenye matatu iliyojaa inavunjika. Kila siku sugua mkebe kwa sabuni, umwagie maji yanayochemka, uuanike kichwa chini. Maziwa yenyewe yachemshe, hata ya ATM.

Jirani yako hajakosea kuhusu paketi. Maziwa ya humo ni salama. Marufuku ya Kenya ya mifuko ya plastiki, ya tarehe 28 Agosti 2017, haikugusa vifungashio vya kiwandani, ndiyo maana paketi bado ziko dukani.

Sasa jiko. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo haiishi yote. Hutoa masizi na chembe laini zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, pamoja na kemikali ambazo baadhi yake ndizo hizo za saratani anazozisema jirani. Na mtoto wa miaka 2 yuko wapi jiko likiwashwa? Amechuchumaa hapo hapo anatazama moto, na anapumua haraka kuliko wewe. Washa kwa karatasi na vijiti vikavu, nje ya mlango.

Ukizitupa paketi, takataka nyingi za Nairobi huishia Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Huko nako takataka huungua, na kuna watoto wanaovuta moshi huo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukuambia ununue mkebe.

Na ukiwa River Road, muuza uji akitaka kukumiminia uji wa moto kwenye chupa ya soda, kataa. Plastiki ikipata joto ndipo huachia kemikali zake kwa wingi. Beba kikombe chako.

Kama mtoto ameshaanza kuharisha, mpe ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo na uendelee kumlisha. Ukiona macho yameingia ndani, anashindwa kunywa, au kuna damu kwenye choo, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.