Neno “rival” na zamu ya maji

Katika somo hili tunaangalia neno moja la Kiingereza linaloandikwa mara nyingi katika ripoti zinazotuhusu: “rival”. Kifaransa kinaliandika vilevile, na sisi tunalitafsiri mpinzani au mshindani.

Mimi mwenyewe nililitumia vibaya. Niliandika ripoti juu ya ugomvi wa maji hapa Kyavinyonge, kati ya familia zilizokimbia vita na familia zilizozipokea. Niliwaita makundi mawili “rival”. Nilipoieleza mbele ya kamati, mzee mmoja mvuvi akaniuliza: “Sisi na hawa tumekuwa wapinzani tangu lini? Tunagombania nafasi ya bidoni tu.” Sikuwa na jibu. Nikaenda kufungua kamusi.

Neno limetoka Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. “Rivus” ni kijito au mfereji, na “rivalis” ni mtu anayetumia mfereji mmoja na mwenzake. (Nilidhani “river”, yaani mto, ni ndugu yake. Hapana, hilo limetoka kwa “ripa”, ukingo wa mto.) Katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533, mwanasheria Ulpian anaeleza hivyo hivyo: ni wale wanaopitisha maji katika mfereji mmoja. Sheria iliwajali kwa sababu waligombana. Kulikuwa na haki ya maji ya mchana, haki ya usiku, hata haki ya saa fulani tu.

Warumi hao hao waliwaita hivyo pia wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na maana ya ushindani ikashika. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16. Karibu mwaka 1600, Shakespeare katika mchezo wa Hamlet bado alilitumia kwa askari wanaoshika zamu moja ya ulinzi, yaani wenzi wa kazi. Maana hiyo leo imekufa.

Nilipowaeleza haya, akina mama wa kamati walicheka. “Basi ni mke mwenza,” mmoja akasema. Kweli kabisa. Mwenza ni mtu wa kushirikiana naye, lakini ukisema mke mwenza kila mtu anasikia harufu ya ugomvi.

Ziwa letu Edouard linatuonyesha jambo hilo kwa ukubwa wake. Wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge wanatupa nyavu katika maji yale yale ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na ng'ambo wako wavuvi wa Uganda. Mwezi wa 7 mwaka 2018 wanajeshi wa majini wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi ziwani na watu wakafa.

Turudi kwenye bidoni. Wenyeji walichota asubuhi, na familia zilizohama zikapewa jioni. Kwenye karatasi hiyo ni zamu ya haki, nusu kwa nusu. Lakini jua likizama, viboko wanatoka majini kwenda malishoni, na mama aliyefika juzi kutoka milimani hajui njia zao. Mtoto anayetumwa na bidoni hajui zaidi yake. Hapo nikaelewa kwamba ripoti yangu ilikosa hata kitu chenyewe walichogombania: saa.

Nimeiandika upya. Asubuhi sasa ni mstari mmoja wa wote, na aliyetangulia kufika anachota kwanza. Mstari ni mrefu, wenyeji wengine wananung'unika, na wazee wa mtaa mmoja bado hawajakubali. Kamati itakaa nao tena.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

Mahali mnapoishi, ni nani anayepewa saa mbaya ya kuchota maji, na nani aliyeipanga?

Wakati zamu ilipopangwa, waliohama walikuwepo kwenye mkutano?