Somo kwa Makatibu: Kuchagua Programu ya Kutunza Kumbukumbu za Chama

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo chama chochote cha hapa Gungu, Kibirizi au Ujiji chaweza kulikabili. Chama kimepata kompyuta, na kamati inaulizwa ni programu gani itumike ili rejesta ya wanachama, leja ya hisa na daftari la mikopo viingizwe humo. Aghalabu swali hili huulizwa kinyume. Huanza kwa jina la programu ambayo fundi fulani ameisifu, kisha ndipo watu huanza kuitafutia kazi. Yafaa tuanze na kazi yenyewe.

Neno hifadhidata lisimtishe mtu. Chama chenye rejesta, leja na daftari la mikopo tayari kina hifadhidata, ila imeandikwa kwa wino. Faida ya ile ya kompyuta ni kwamba vitabu hivyo vyote huweza kuulizwa swali moja kwa pamoja na kujibu papo hapo. Katibu akitaka kujua ni wanachama gani wamemdhamini mtu ambaye hajalipa mkopo, na wadhamini hao wenyewe wana akiba kiasi gani, kwa vitabu vya wino huenda akakesha usiku mzima. Kwa hifadhidata iliyopangwa vizuri ni kazi ya dakika moja.

Iliyopangwa vizuri, tumesema. Hapo ndipo penye somo.

Tuchukue mfano wa chama cha wavuvi wa dagaa chenye wanachama 240. Katika mji wa kale kama Ujiji hapana ajabu kuwakuta akina Hamisi Juma watatu katika chama kimoja. Wa kwanza amekopa, wa pili ameleta malipo yake, na karani mgeni ameyaandika kwa wa tatu. Katibu mzee angelitambua kosa hilo mara moja, kwa kuwa anawajua wote kwa sura na kwa baba zao. Kompyuta haimjui mtu kwa sura. Kwa hiyo kila mwanachama hapana budi apewe namba yake, na namba hiyo asipewe mtu mwingine kamwe, hata mwenyewe akihama au akifariki. Jina, simu na mrithi wake huandikwa mahali pamoja tu, katika jedwali la wanachama. Katika jedwali la malipo huandikwa tarehe, namba ya mwanachama, namba ya stakabadhi na kiasi, basi. Katika jedwali la mikopo vivyo hivyo. Namba ndiyo kamba inayoyafunga majedwali hayo pamoja.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, mtaalamu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, nalo ndilo lililo chini ya karibu kila programu ya hifadhidata inayouzwa leo. Katibu anayelielewa anaweza kuhojiana na muuzaji yeyote bila kudanganywa. Asiyelielewa atanunua rangi za kioo.

Kabla ya kutazama programu hata moja, kamati ikae na kuandika katika karatasi maswali ambayo chama hutakiwa kuyajibu: katika mkutano mkuu, kwa mkaguzi wa COASCO, kwa Afisa Ushirika, na kwa mwanachama anayesimama dirishani akiuliza salio lake. Ni nani hajakamilisha hisa zake? Jumla ya akiba za wanachama inalingana na fedha zilizoko benki, zilizokopeshwa na zilizomo sandukuni? Ni mdhamini gani amebeba mikopo mitatu kwa wakati mmoja? Maswali kumi yakiandikwa kwa uaminifu, programu nyingi zitaondoka zenyewe katika orodha.

Miongoni mwa maswali hayo, yale ya mahali petu yasisahauliwe, maana programu nyingi zimetungwa na watu wasiolijua Ziwa Tanganyika. Wavuvi wetu huvua dagaa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, kazi hupungua au husimama kabisa. Basi mkopo wa nyavu au wa mashine ya boti hulipwa kwa kufuata giza, wala si kwa kufuata tarehe 30. Tena mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Programu inayomwita mtu mdeni sugu kila mwisho wa mwezi, na isiyokubali kuelezwa lolote, ingechapa katika muda kama huo orodha ya aibu yenye majina ya karibu wavuvi wote wa chama. Orodha ya namna hiyo ikibandikwa ukutani, chama kinaweza kuvunjika kwa neno la mashine. Muulizeni muuzaji waziwazi: je, sisi wenyewe twaweza kuongeza safu ya msimu, na kubadili tarehe za marejesho bila kumwita fundi kutoka Dar es Salaam? Vyama vya wakulima wa michikichi nao wana lao. Wao hupokea mazao kwa kilo na kuuza mawese kwa madumu, na programu isiyojua kuweka vipimo viwili kwa bidhaa moja itawasumbua kila siku.

Sasa tuzitaje programu zenyewe.

Wengi huanza na Excel, au lahajedwali nyingine kama hiyo, na hatuwalaumu. Chama cha wanachama wasiofika mia moja, kisichokopesha, hakihitaji zaidi ya hapo. Ila lahajedwali haina ulinzi. Karani akipanga safu ya majina kwa alfabeti akasahau kuzichukua safu nyingine pamoja nayo, majina yatahama na fedha zitabaki palepale, na kila mtu atakuwa na akiba ya mwenzake. Hata wakubwa wameteleza. Huko Uingereza, mwaka 2020, taarifa za wagonjwa 15,841 wa korona zilichelewa kuwafikia waliopaswa kuwafuatilia watu waliokutana nao, kwa sababu zilipitishwa katika faili ya Excel ya muundo wa zamani, isiyoweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Chama chetu hakitafika mistari hiyo leo wala kesho, lakini faili inayopoteza taarifa bila kupiga kelele ni hatari kwa mkubwa na kwa mdogo.

Microsoft Access ni hifadhidata kamili kwa ofisi ndogo. Ina fomu za kuingizia taarifa, ina ripoti, na huweza kumkataza karani asiandike malipo kwa namba ya uanachama isiyokuwapo. Faili yake haizidi gigabaiti 2, kiasi ambacho kwa maandishi na tarakimu za chama cha msingi ni kikubwa mno. Kasoro zake ni kwamba hufanya kazi katika Windows tu, na leseni yake hulipiwa. Kwa upande mwingine, kwa maoni yetu ni rahisi zaidi kumpata kijana aliyefundishwa Access chuoni kuliko aliyefundishwa programu nyingine ya aina hii, na jambo hilo lina uzito wake kwetu sisi tulio mbali na miji mikubwa. Nakala za wizi zinazowekwa kwa bei ya soda zisikubaliwe katika kompyuta ya chama. Ni kosa kisheria, na mara nyingi huja na virusi.

LibreOffice Base haina malipo, nayo hutumika katika Windows na hata katika Linux. Hufanya kazi nyingi zinazofanywa na Access, ingawa kuitengenezea fomu nzuri kunataka subira zaidi. Chama chenye kijana mwenye bidii na kisicho na fedha za leseni kisione haya kuichagua. FileMaker, ya kampuni ya Claris iliyo chini ya Apple, ni nyepesi kujifunza na ina sura nzuri, lakini gharama yake ni kubwa, nasi hatuoni sababu ya chama cha msingi kuibeba.

Ziko pia programu zilizokwisha kuundwa kwa ajili ya SACCOS, zenye kukokotoa riba, adhabu na gawio. Hapa tunasema bila kuzungukazunguka: chama kinachopokea akiba na kukopesha mamia ya watu kisijitungie chenyewe programu ya riba katika Access. Kosa dogo la hesabu likirudiwa kwa miaka miwili katika mikopo yote, kulirekebisha ni kazi nzito kuliko bei ya programu iliyojaribiwa. Rejesta, hisa na mapokezi ya mazao chama kinaweza kujitengenezea. Riba, hapana.

Kuhusu mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU, ambao ni Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, baadhi ya makatibu hudhani kwamba ukiwapo huo basi kumbukumbu za ndani hazina haja. Taarifa zinazopelekwa huko hutoka katika vitabu vya chama. Vitabu vikiwa vibovu, ubovu utasafiri nao.

Sifa ambayo sisi tunaiweka mbele ya nyingine zote ni uwezo wa kutoka. Siku ya majaribio, kabla ya kulipa hata senti, mwambieni muuzaji aingize wanachama ishirini wa mfano pamoja na malipo yao, kisha ayatoe yote nje katika faili ya kawaida ambayo programu nyingine inaweza kuisoma, ile ambayo mafundi huiita CSV. Mfungue faili hiyo mbele yake na mhesabu. Akishindwa, au akisema kazi hiyo hufanywa na ofisi yake kwa malipo, mshukuruni na kumsindikiza. Akiba za wanachama zisifungwe katika chumba ambacho ufunguo wake ni wa mtu mwingine. Hatari hiyohiyo hutoka ndani pia: kijana mmoja ndiye aliyeijenga hifadhidata, yeye peke yake ndiye ajuaye neno la siri, na siku moja anapata kazi Mwanza.

Taifa letu liliwahi kujifunza jambo kama hili kwa gharama kubwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine iliwategemea mno wataalamu wa kigeni, ikala fedha nyingi na kuacha hesabu zimevurugika, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo iliondolewa miaka mingi iliyopita, lakini kisa chake kinafaa kusomwa na kila kamati inayotaka kununua kitu ambacho hakuna mwanachama wake hata mmoja anayekielewa.

Umeme nao ni sehemu ya uchaguzi. Faili ya hifadhidata inaweza kuharibika umeme ukikatika katikati ya kuandika. Kwa hiyo kompyuta ya kupakata yenye betri nzima ni bora kwetu kuliko ile kubwa ya mezani, na kama ni ya mezani basi iwe na UPS. Kila jioni nakala ya faili itolewe katika diski ya pembeni, na kila Ijumaa nakala nyingine ipelekwe nyumba nyingine kabisa. Vyama vyenye ofisi ufukweni Kibirizi visiweke nakala zote huko. Katika miaka ya karibuni tumeyaona maji ya ziwa yakipanda na kuingia katika majengo. Nakala ya pili ipandishwe huku juu Gungu.

Tena, majina, simu na madeni ya watu si mali ya karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavihusu vyama vyetu pia. Diski yenye orodha ya wadeni ikiokotwa sokoni, chama ndicho kitakachoulizwa.

Baada ya kuchagua, daftari la wino lisitupwe. Kwa miezi mitatu kila muamala uandikwe mara mbili, katika leja na katika kompyuta, na kila mwisho wa wiki mwekahazina alinganishe jumla zote mbili. Zikitofautiana hata kwa shilingi mia, kazi isimame mpaka sababu ipatikane. Makarani watanung'unika kwa kazi maradufu, na wana haki ya kunung'unika, basi kamati iwafikirie kwa posho. Mwezi wa tatu ukiisha bila tofauti, wanachama kumi waitwe bila kuchaguliwa kwa upendeleo, kila mmoja na kitabu chake cha akiba mkononi, walinganishe na kile kinachoonekana katika kioo.

Muhtasari wa kikao kitakachopitisha programu uonyeshe mambo haya: jina la programu na leseni yake, gharama ya mwaka wa kwanza na ya miaka inayofuata, majina ya watu wawili waliofundishwa kuitumia, mahali nakala zinapowekwa, na matokeo ya jaribio la kutoa taarifa nje. Neno la siri la msimamizi liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na mwenyekiti pamoja na katibu, na bahasha hiyo ikae katika sefu ya chama.