Niliyojifunza kwenye Cherehani za Viatu

Wengi wanaozungumzia kuboresha cherehani za viatu huanza na mbio za sindano na kuishia kwenye bei. Mimi ni fundi mitambo, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kwenye karakana za Mwanza zinazoshona viatu vya shule, buti za walinzi na ndara za ngozi. Mashine nyingi ninazozishika zilitumika Ulaya kabla ya kupanda kontena. Nyingine zilikuja mpya kutoka China. Ni chache zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani. Huku tumebadilisha puli, kule mguu, kwingine mota nzima. Yafuatayo ni kwa mafundi wenzangu wanaozifungua mashine hizi, na kwa wenye karakana wanaotuita.

1. Mashine husimama kuliko inavyoshona

Mwenye karakana akinipigia simu, ombi lake huwa ni lile lile: "Fundi, njoo uniongezee mbio." Nikifika sigusi kitu. Navuta kiti, nakaa pembeni ya mshonaji na kutazama. Sindano inakimbia kwa sekunde chache, inasimama. Anainua mguu wa mashine, anageuza kipande, anashusha. Inakimbia tena, inasimama. Anapangusa gundi iliyovuja ukingoni, anatafuta mkasi uliojificha chini ya vipande, anakata nyuzi mbili, anachukua kipande kingine, anakilinganisha na alama. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya saa sindano imetulia tuli. Hata ukiongeza mbio zake maradufu, utakuwa umeokoa nusu ya kile kipande kidogo cha muda ambacho ilikuwa ikishona.

Kwa hiyo naanza na vituo. Chombo cha kuinulia mguu kwa goti, ili mikono yote miwili ibaki kwenye ngozi. Sindano inayojisimamisha ikiwa chini, ndani ya ngozi, ili kona igeuzwe bila kipande kuteleza. Mkasi ufungwe kwa kamba mahali pamoja, kama bajeti haifiki kwenye kisu cha kukatia uzi chenyewe. Meza iwekewe ukingo wa upande mmoja, vipande visidondoke. Hayo hayapendezi kwenye picha za matangazo, lakini jozi zinaongezeka.

Mbio zina adha nyingine. Sindano inayokimbia ndani ya ngozi nene hupata moto kwa msuguano, na uzi wa poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi. Kabla ya kufika hapo tayari umelainika na kupoteza nguvu. Uzi ukikatika katika hali hiyo, mshonaji anamlaumu muuza uzi, muuza uzi anamlaumu mshonaji. Punguza mbio kidogo kwenye sehemu zenye tabaka nyingi, ugomvi utaisha.

2. Tundu la ngozi halizibi

Kitambaa kina nyuzi; sindano ya ncha ya mviringo huzisukuma kando, ikitoka nyuzi zinarudi mahali pake. Ngozi haina ukarimu huo. Palipotobolewa pametobolewa, na ukifumua mshono matundu yanabaki yakikutazama. Ndiyo maana sindano za ngozi zina ncha inayokata, na mwelekeo wa mkato huo ni jambo kubwa ambalo mafundi wengi hulipita.

Ipo ncha inayokata kuelekea mshono unakokwenda. Mshono wake hunyooka vizuri, lakini kila mkato hula ngozi iliyopo kati ya tundu na tundu, kwa hiyo unataka hatua ndefu. Ipo inayokata kukingama na mshono: hiyo huacha ngozi ya kutosha kati ya matundu hata ukishona kwa hatua fupi. Na ipo inayokata kimshazari, ambayo wengi huitumia kwa mishono ya juu inayoonekana, kwa sababu uzi hulala kwa mwinamo mzuri. Ukichanganya ncha ya kwanza na hatua fupi, umetengeneza stempu ya posta: mtoto atakimbia wiki mbili kisha kiatu kitachanika kwenye mstari uleule wa mshono, huku uzi wenyewe ukiwa mzima kabisa.

Nilishaitwa kukagua mashine "inayochana ngozi". Mashine haikuwa na neno. Kwenye kopo la sindano kulikuwa na ncha za aina tatu zimechanganywa, na kila mtu alikuwa akichovya kidole na kutoa ya kwanza. Dawa ilikuwa vikopo vitatu na karatasi iliyobandikwa kwenye kila mashine: aina ya ncha, unene wa sindano, urefu wa hatua. Unene huo husomeka kwa namba ya kipimo cha milimita, ambapo 100 ni milimita moja kamili na 110 ni milimita moja na sehemu moja ya kumi. Kwa ngozi ya juu ya viatu vya kawaida, kati ya 90 na 110 hutosha. Anayetia sindano nene "ili isivunjike" anapanua tundu tu, na fundo linalotakiwa kujificha katikati ya ngozi linachungulia chini.

3. Umbo la mashine hufuata umbo la kiatu, na kila nafuu ina gharama yake

Meza bapa inafaa kwa shati. Kiatu kikishaanza kukunjwa, kisigino kimeungwa na bitana imeingia, hakuna tena ubapa. Viwanda viligundua hilo mapema. Georg Michael Pfaff wa Kaiserslautern, Ujerumani, alikuwa mtengeneza ala za muziki za shaba. Mashine yake ya kwanza, mwaka 1862, ilikuwa ya kushonea ngozi ya viatu. Baadaye zikaja mashine zenye nguzo iliyosimama juu ya meza, kiatu kikizungushwa kuizunguka, na zenye mkono mwembamba unaoingia ndani ya kiatu chenyewe.

Ya mkono mnaijua wote. Singer 29K, ambayo herufi K yake ni ya kiwanda cha Kilbowie, Scotland, bado inashona chini ya miti na kwenye vibaraza vya miji yetu, na zile za chuma za Kichina zinazozungushwa kwa mkono zinafuata wazo lilelile. Uzuri wake uko kwenye mguu. Mguu ndio unaovuta ngozi kutoka juu, na unazunguka duara zima, kwa hiyo unaweza kushona kwenda mbele, kando au kurudi bila kugeuza kiatu. Kwa kiraka kwenye pua ya buti sijaona kilichoishinda.

Sasa tazama gharama. Ili mkono uingie mpaka kwenye vidole vya kiatu, ncha yake lazima iwe nyembamba. Ncha ikiwa nyembamba, bobini inakuwa ndogo, na bobini ndogo huisha kila mara. Weka bobini kubwa, ncha inanenepa na haiingii tena kwenye kiatu cha mtoto. Na mguu wenye meno unaovuta kutoka juu huacha alama kwenye ngozi laini, tena hatua zake hazilingani kwenye mshono mrefu. Vijana hunijia na michoro ya "kuboresha" mashine hii kwa kuiongezea kila kitu kwa pamoja. Huwauliza swali moja: kiatu gani? Asiyejua anamshonea nani hawezi kuamua kipi apunguze.

4. Gurudumu badala ya mguu bapa

Kwenye mashine za nguzo, mabadiliko yaliyonifurahisha kuliko yote ni kuondoa mguu bapa na kuweka gurudumu dogo linalokandamiza ngozi. Mguu bapa hukwaruza na huficha ukingo; gurudumu hugusa sehemu ndogo tu, na mshonaji anaona anakokwenda. Kwenye mashine nzuri gurudumu la chini, gurudumu la juu na sindano yenyewe husogea pamoja, na tabaka la juu halibaki nyuma ya la chini. Gurudumu dogo hukata kona kali. Kubwa hupanda vizuri pale unene unapoongezeka ghafla, mfano bitana inapoanza. Weka yote mawili karibu na mashine, kubadilisha ni skrubu moja.

5. Mafuta

Mafuta yanayodondokea ngozi nyeusi hayaonekani. Yanayodondokea ngozi ya rangi ya maziwa ni hasara ya jozi nzima. Kwenye nguzo tumia kidogo na mara nyingi, na uache kitambaa cheupe chini ya sindano usiku kucha ujue kunavuja wapi.

6. Mota imetengenezwa kwa umeme wa kwao

Mashine ikitoka kiwanda kikubwa cha Ulaya mara nyingi huja na mota ya fezi tatu, volti 400. Karakana yetu ina fezi moja, volti 230. Wapo wanaoifunga kapasita na kuilazimisha. Inazunguka, lakini imepungua nguvu na inapata moto, na kwenye tabaka nne za ngozi inagoma katikati ya tundu. Pamoja na hayo, mota za zamani za klachi huzunguka kutwa nzima, unashona au hushoni. Ule mngurumo unaousikia wakati watu wanakunywa chai ni luku inayokatwa bure.

Mota za servo zimebadilisha mambo. Huzunguka ukikanyaga tu, hutulia ukiachia, na mbio za juu kabisa unaziwekea kikomo kwa kitufe, jambo linalomsaidia mwanafunzi kuliko maneno yangu yote. Kwa mwendo wa polepole baadhi yake hukosa nguvu, hivyo kwa ngozi nene naongeza puli ya kupunguzia kati ya mota na mashine: mbio zinashuka, nguvu ya sindano inapanda. Ila servo ina kadi ya elektroniki ndani, na umeme wetu unapokatika na kurudi kwa kishindo, kadi ndiyo hufa kwanza. Bei ya stabilaiza iwe ndani ya bei ya mota, isiwe mjadala wa baadaye.

7. Aliyeketi kwenye mashine ameshaibuni nusu

Kuna mama mmoja aliyekuwa akishona buti nyeusi kwenye mashine ya nguzo. Nilikuta amebandika kipande cha tepu nyeupe kwenye nguzo, nyuma kidogo ya sindano.

"Mama, hii tepu ya nini?"

"Kaa wewe hapa tangu asubuhi, fundi, utaijua."

Nikakaa. Ngozi nyeusi, uzi mweusi, chuma cheusi. Ukingo haukuonekana kabisa. Juu ya tepu nyeupe ulionekana kama mstari wa kalamu. Taa yangu ya bei kubwa, iliyomulika kutoka juu moja kwa moja, ilikuwa ikifuta hata kile kivuli kidogo kilichokuwapo. Tukaihamishia ubavuni, chini, na tepu ikabaki.

Simshangai tena anayeniambia wabunifu wakubwa walianzia kwenye kiti hicho. Jan Ernst Matzeliger, aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, alikuwa akiendesha mashine ya kushona soli katika kiwanda huko Lynn, Massachusetts. Aliona kazi zote zinakwenda kwa mashine isipokuwa moja: kuvuta ngozi juu ya kalibu na kuifunga chini. Mafundi wa mkono waliweza jozi 50 hivi kwa siku. Alijaribu mfano wa kwanza kwa mbao za makasha ya sigara na waya, na mwaka 1883 akapata hataza ya mashine ambayo baadaye ilifikia mamia ya jozi kwa siku. Hakushona haraka zaidi ya wenzake. Aliangalia palipokuwa na foleni.

8. Mashine usiyoruhusiwa kuifungua

Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushona soli kwenye sehemu ya juu mwaka 1858. Gordon McKay aliinunua, akaiboresha, kisha hakuwauzia wenye viwanda. Aliwakodisha na kuwatoza kwa kila jozi. Mtindo huo ulirithiwa na kampuni ya United Shoe Machinery, iliyoundwa mwaka 1899 kwa kuunganisha kampuni kadhaa, na iliyokodisha mashine zake kwa mikataba ya miaka mingi mpaka mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ilipoamua, mwaka 1953, kwamba imehodhi soko. Moja ya amri zake ilikuwa mashine ziwekwe pia sokoni, ziuzwe.

Naikumbuka hadithi hiyo kila ninapokutana na kisanduku cha kuongozea mashine chenye nywila ya kiwanda. Mashine umeinunua kwa fedha taslimu, lakini kubadilisha urefu wa hatua ya kuanzia mshono unasubiri mtu wa kampuni. Sishauri karakana ndogo inunue mashine ya namna hiyo, hata kama ni nzuri. Bora ile yenye skrubu ninayoifikia.

9. Bobini

Hili bado halijanipa raha. Kwenye ngozi, bobini ikiisha katikati ya mshono wa juu huwezi kufumua na kurudia bila matundu kuonekana, na kuungia njiani kunaacha fundo. Wenye fedha wana kifaa cha kuhisi uzi uliobaki na kuwasha taa. Sisi tumepima bobini moja inamaliza jozi ngapi za mtindo gani, tukatoa mbili kwa tahadhari, tukaandika namba kwenye ile karatasi iliyobandikwa. Bobini ikifikisha namba yake inatolewa hata kama bado ina uzi, na mabaki yanakwenda kwenye mashine ya bitana, ambako mshono haupo mbele ya macho ya mnunuzi. Sasa natafuta namna ya kuweka kihesabio kidogo kwenye kanyagio kitakachopiga kengele chenyewe, kwa sababu ifikapo saa tisa alasiri watu wameshasahau wako jozi ya ngapi.