SOMO LA VIPIMO: DEBE LA KASULU NA KILO YA SERIKALI

Wanachama wetu, sisi tuliolelewa na pishi na frasila hatuna haki ya kuwacheka watu wa bara kwa debe lao. Safari hii twende mbali kidogo, hadi Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha.

Kilo si ngeni kule. Wajerumani waliitumia. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji, nao pia ni watu wa kilo. Mwaka 1921 Waingereza wakaja na ratili yao. Baada ya uhuru wa 1961 ratili ikaondoka, kilo ikarudi. Serikali zote hizo zimepita, na debe lingali sokoni.

Sababu ipo. Mizani ni ghali, debe ni bati tu. Tena debe huonwa na wote wawili, muuzaji na mnunuzi, lakini mizani mara nyingi husomwa na mwenyewe peke yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa.

Lakini debe hupima nafasi, halipimi uzito. Ukilijaza makopa ya muhogo, katikati ya vipande mna hewa tupu, na anayeumia ni mnunuzi. Kwa mahindi huumia mkulima, maana mnunuzi hutaka nundu juu ya debe, kisha hutaka gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba.

Hebu tupige hesabu. Tuseme debe la mahindi limechukua kilo 18. Madebe sita ni kilo 108, tayari yamepita mia. Lumbesa ya madebe saba ni kilo 126. Mkulima akilipwa bei ya gunia la kilo 100, ametoa kilo 26 bure, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano ya jasho lake. Sheria ya Vipimo ya Tanzania Bara, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na lumbesa imekatazwa. Lakini askari wa vipimo hawezi kusimama katika kila njia ya shamba.

Na kwetu je? Mchumaji hupimiwa pishi ya karafuu mbichi, Shirika hununua kavu kwa kilo. Kilo tatu hivi za mbichi hutoa moja kavu. Kwa hivyo kilo nayo ina hila yake: hupima na maji yaliyomo. Frasila moja, ratili 35, ni kilo 16 kasoro kidogo. Asiyejua hili hupunjwa na wazee wenzake.

Mizani twaweza kuijaribu bila gharama, Kasulu hata Wete. Pima chupa tupu, kisha itie maji lita moja kamili, uipime tena. Tofauti iwe kilo moja. Ikiwa pungufu, usiweke gunia lako juu yake.