Mbinu siyo mkakati: somo la biashara kutoka vitani



Kuna kipindi nilishusha bei ya viatu ili tu nimpiku muuzaji mwenzangu wa mtandaoni. Oda zikamiminika, simu haikupumzika. Mwisho wa mwezi napiga hesabu: mtaji umekatika, na bei iliporudi juu wale wateja sikuwaona tena. Sasa nilishinda nini?

Jibu nililikuta kwa Carl von Clausewitz, mwanajeshi wa Prussia aliyefariki 1831. Mwaka uliofuata mkewe Marie alianza kuchapisha maandishi yake kuhusu vita. Humo anatenganisha vitu viwili:

1. MBINU: kutumia askari ili kushinda pambano moja.
2. MKAKATI: kutumia mapambano hayo ili kufikia lengo la vita nzima.

Mfano mmoja aliushuhudia mwenyewe, akiwa upande wa Warusi. Mwaka 1812 Napoleon wa Ufaransa aliivamia Urusi na askari zaidi ya laki 4. Lengo lake lilikuwa mfalme wa Urusi, Alexander, akubali masharti yake. Septemba 7 walipigana vikali Borodino, Warusi wakarudi nyuma. Septemba 14 Napoleon akaingia Moscow. Ungesema kazi imeisha, si ndiyo?

Haikuisha. Warusi walikubali kuuachia mji ili jeshi lao libaki hai. Moscow ikaungua, na Alexander hakujibu ombi la amani. Napoleon akasubiri wiki 5 bure. Oktoba 19 akaanza kuondoka, na njiani njaa, maradhi, baridi na mashambulizi vikalimaliza jeshi lake. Mji aliupata, lengo akalikosa.

Ndugu yangu, zile oda zangu zilikuwa Moscow yangu. Na mtaji ndio jeshi lako: bora umwachie mwenzako mteja mmoja leo, kesho uwe bado na mzigo wa kuuza.

Kwa hiyo kabla hujaweka ofa au kulipia tangazo, jiulize:

- Nikishinda hapa, nitakuwa nimesogelea lengo gani?
- Mtaji utabaki kiasi gani?
- Mteja akishanunua, nini kitamrudisha?

Ukikosa jibu la swali la kwanza, una mbinu tu, mkakati bado.

Ofa yako ya mwisho ilikuwa na lengo gani? Niandikie hapo chini tujifunze pamoja.